Nyumba ya Saba ya Aristidi Kalogeras

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sauti yangu haiko sawa, mtanisamehe. Aristidi Kalogeras ametutoka. Amefariki Jumapili, hapa hapa mtaani kwetu West End, akiwa na miaka sitini na tisa. Jumamosi nilikunywa naye kahawa. Mpaka sasa akili yangu inakataa.

Wengi wenu mlimjua. Alikuwa fundi bomba, akanunua nyumba moja ya kupangisha, kisha nyingine, mpaka zikafika saba. Nyumba sita za kwanza hakuzinunua kabla ya kutambaa chini yake, katikati ya nguzo ndefu zinazobeba nyumba zetu za mbao, akidunga mbao kwa bisibisi kuona kama zimeoza. Mkewe Fotini anasema, "Nikimwambia alipe mkaguzi, ananijibu, mkaguzi ana haraka, mimi sina. Suruali zake zote zimekwisha magotini."

Sita alizitambalia. Ya saba hakuitambalia.

Ya saba ilikuwa ya msimamizi wake wa ndoa. Sisi Wagiriki tunajuana: aliyekuvika taji la ndoa kanisani ni ndugu yako, basi. Fotini alimsihi aikague kabla ya mnada. Akamjibu, "Mama watoto, nikachokonoe mbao za mtu aliyenivika taji? Nitamtazama kwa macho gani?" Akaenda mnadani, pale pale barabarani mbele ya nyumba, akainua mkono, nyundo ikagonga. Na ukinunua mnadani, hakuna kurudi nyuma.

Wiki iliyofuata ndipo akaingia chini. Bisibisi ikazama kwenye boriti ya roshani ya nyuma mpaka mpini. Boriti ilikuwa imeoza, na juu yake mbao zimepakwa rangi mpya.

Dalali wa kupangisha akamwambia, "Mzee, watu wako tayari. Waingie tu, roshani utatengeneza baadaye." Aristidi akakataa. Asiingie mtu mpaka roshani ibomolewe. Alikataa, wasikilizaji, alikataa kabisa. Dalali akatoa funguo hata hivyo.

Jumapili, akitoka kanisani, akapita pale. Akakuta watu tisa juu ya roshani, wanachoma nyama.

"Shukeni wote," akasema.

Mpangaji mwenyewe ni Losa, mama wa Kisamoa, mcheshi sana. Akamwambia, "Baba mwenye nyumba, hata salamu hamna? Au moshi wetu unakuchafulia rangi? Njoo ule soseji kwanza."

"Nitaila chini, mwanangu. Shukeni, mbao zimeoza."

Wakashuka. Akabaki mama yake Losa, ambaye yuko kwenye kiti cha magurudumu. Aristidi akapanda, akamsukuma kuelekea mlango wa ndani. Losa ameniambia, "Kiti cha mama kilivuka kizingiti. Yeye hakuvuka." Roshani ikaanguka naye, mita nne. Hospitali hakufika.

Jana Fotini alinipigia simu. Maana aliyemvika Aristidi taji ni mimi. Nyumba ile ya saba niliiuza mimi, Thanasi, mnayenisikia hapa kila wiki. Na Jumamosi, kwenye kahawa, Aristidi hakunitajia boriti hata kidogo. Aliniuliza habari za mgongo wangu.

Fotini hakulia, wala hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Shemeji, ulijua?" Nikasingizia mtandao, nikakata.

Wasikilizaji wapendwa, ngano iliyochemshwa ya kumkumbuka marehemu italiwa kanisani siku ya arobaini, na wote mnaalikwa. Pole, Fotini. Poleni, watoto. Pole, Losa, wewe na mama. Mungu awape maisha marefu ninyi mliobaki. Na wewe unayenunua nyumba kwa rafiki, uliza bila haya. Wewe unayeuza, jibu kabla hujaulizwa.

Shemeji, najua umefungua redio. Rangi ile niliipaka mwenyewe, siku tatu kabla ya mnada. Nilikanyaga ubao mmoja, ukabonyea chini ya kiatu changu. Nikaupaka mara mbili.

Nilijua.