Cleophus Magee na Piano ya Mlima Nebo

Wachungaji, mashemasi, majirani, nanyi wanamuziki mliotoka New Orleans na mbali zaidi, familia imenituma mimi, Verlene, binti wa dada yake, niwasomee maisha ya mjomba wetu, Cleophus Magee.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1931 hapa Bogalusa, Louisiana, mtoto wa nne wa Mzee Amos Magee, mpasua mbao kiwandani, na Bibi Lula, akasoma hadi darasa la nane, na mwaka 1945 akaenda kubeba mbao pamoja na baba yake. Piano alifundishwa humu katika kanisa letu la Mlima Nebo na Mama Ozella Peters, mama wa kanisa, aliyekaanga samaki na kuwauza kila Ijumaa kwa miaka miwili hadi piano hii mnayoiona ikanunuliwa, na kwa kuwa ngoma zilikatazwa Mlima Nebo, alimzoeza kuufanya mkono wa kushoto uwe ndiyo ngoma.

Mwaka 1953 alihamia New Orleans, na tarehe 14 Oktoba 1954 akarekodi "Njoo Jikoni, Earline", wimbo uliopigwa redioni kabla wengi hawajalijua neno rokenroli. Mama Ozella aliusikia akikanda unga, akamwambia jirani yake, "Huo mkono ni wetu! Ameutoa madhabahuni kaupeleka baa." Jumapili ya tarehe 6 Februari 1955 aliifunga piano kwa ufunguo mbele ya waumini, akaifunika kitambaa cheupe, akauvaa ufunguo shingoni, akamwambia marehemu, aliyekuwa amekuja nyumbani, "Siku utakaposimama hapa useme wimbo ule ni wa shetani, nitakufungulia."

Marehemu alijibu, "Mama, nikisema hivyo nitakuwa nimezitukana na nyimbo za Jumapili, maana mkono ni huohuo."

Alipiga Chicago, Los Angeles na London, lakini kila Agosti, Jumapili ya Kurudi Nyumbani, alikuja, akakaa benchi la tatu, akasikiliza kinanda kilichonunuliwa badala ya piano, akala na watu, akaondoka. Vijana tulimtania, "Mjomba Cleo, chukua bisibisi, umalize kazi!" naye akasema, "Kula kuku wako."

Alifunga ndoa tarehe 8 Juni 1957 na Odile Guidry, muuguzi, ambaye hadi kufa kwake mwaka 2003 aliendelea kuuliza Earline ni nani, bila kupata jibu la kumridhisha. Walijaliwa watoto watatu, Amos, Celestine, na wa mwisho, aliyezaliwa mwaka 1961, wakamwita Ozella, na Mama Ozella alipopata habari alileta blanketi alilolishona mwenyewe, bila barua.

Tarehe 10 Agosti 1986, Mama Ozella akiwa na miaka tisini na moja, alisimama katikati ya ibada, akavua ufunguo shingoni, akasema, "Cleo, njoo ufungue, nimechoka na hicho kinanda." Marehemu alikwenda, akaondoa kitambaa, akainua kifuniko kwa kidole kimoja, ufunguo ukiwa bado mkononi mwa Mama. "Kitasa hiki nilikivunja mimi mwaka 1943," alisema, "nikitafuta peremende ulizonificha."

"Na miaka yote hii ulikuwa unajua?"

"Ulisema imefungwa, Mama."

Mama alimpiga begani kwa upepeo wake wa karatasi, akasema, "Mjinga wewe, piga!" Akapiga. Hakutubu, wala hakuombwa tena.

Aprili 2009 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, naye, akiwa amesharudi kuishi hapa, akaendelea kupiga kanisani kila Jumapili kwa mkono wa kushoto peke yake, hadi moyo ulipomlaza hospitali mwezi uliopita, akafariki Jumapili ya tarehe 2 Februari 2014, saa moja asubuhi, akiwa na miaka themanini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta maharage na keki kabla hatujaomba, wanamuziki wenzake waliosafiri usiku kucha, na kanisa hili. Ufunguo, ambao Mama Ozella alimwachia katika wosia wake, tumeuweka katika mfuko wa koti lake, kama alivyoagiza.

Mjomba Cleo, pumzika kwa amani, kifuniko tumekiacha wazi.