Kitabu Ambacho Mke wa Mwalimu Hakukiandika

Benchi letu liko nyuma ya maktaba ya chuo, kati ya kibanda changu cha kufunga vitabu na meza ya Profesa. Profesa ni fundi viatu. Jina hilo amelipata kwa kuwafundisha wateja wake mambo ambayo hawakumuuliza. Koti alilinda mlango wa maktaba miaka thelathini, akastaafu, na bado anakuja kila asubuhi na koti lake la kazi, ila siku hizi anaishia benchini. Shangazi anatumiminia kahawa, na ingawa hana udugu na yeyote kati yetu, anatugombeza kama aliyetulea. Mimi wananiita Gundi. Tasnifu zote zilizopangwa kule ndani zimepita mikononi mwangu, na nasema bila kujisifu sana kwamba hakuna hata moja iliyoachia mgongo. Kwa hiyo jana, Jumanne, nilipomwona Mwalimu anakuja amekumbatia nakala tatu nilizomfungia mwezi uliopita, nilikasirika kabla hajafika.

— Usiniambie mgongo umeachia, nikasema.

— Mgongo mzima, Gundi. Ubaya uko ndani.

Akaketi. Mwalimu ni mwalimu kweli, wa shule ya msingi, mvi kichwa kizima, anasomea shahada ya uzamili akiwa amebakiza miaka miwili astaafu. Mkewe naye alikuwa mwalimu, wa darasa la kwanza tangu aajiriwe mpaka alipofariki mwaka juzi. Tulikwenda kumzika sote.

— Fungua ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, akaniambia. Kwenye orodha ya marejeleo. Soma jina la nne.

Nikafungua, nikasoma kimoyomoyo. Mara ya mwisho jina lile nilikuwa nimelisoma kwenye tangazo la msiba, getini pa shule yao.

— Soma kwa sauti basi, wengine hatukusoma, akasema Koti.

— Ni shemeji, nikasema. Marehemu. Ameandikwa hapa kuwa ndiye mwandishi. Kitabu kinaitwa *Mtoto Anayekaa Nyuma*. Mchapishaji, Nyumbani.

Shangazi aliyekuwa anamimina akaacha kumimina.

— Sikujua kama aliandika kitabu, akasema.

— Hakuandika, akajibu Mwalimu.

Akatoa barua mfukoni, akatusomea. Mtahini amekitafuta kitabu hicho kila mahali hakukiona. Mwalimu afike mbele ya jopo Alhamisi saa nne, akiwa nacho mkononi. Akikosa, kazi yake yote itahesabiwa kuwa ya kughushi, na jina lake litafutwa chuoni.

— Miaka minne, Koti akasema taratibu. Miaka minne nzima.

— Lakini kitabu ambacho hakipo kimeingiaje humo? nikauliza. Maana mimi nafunga ninacholetewa.

Mwalimu akashika kikombe bila kunywa.

— Yale mafunzo ya maktaba, ya kule juu, chumba cha kompyuta. Tulifundishwa programu ya kutunza marejeleo. Unaingiza kitabu mara moja, jina, mwaka, mchapishaji. Halafu ukiandika sura yako, unabofya, yenyewe inaweka jina mahali pake na kupanga orodha mwisho. Yule dada anayefundisha akasema, kwa mazoezi kila mtu aingize kitabu chochote anachokijua, akitaje ndani ya sura yake. Ilikuwa miezi minne baada ya msiba. Kichwani mwangu hakikuja kitabu kingine. Hicho ndicho alichokuwa anasema atakiandika akistaafu. Kila siku anasema, mimi nikistaafu, baba watoto, utakoma na kitabu changu.

— Na hapo pa mchapishaji? akauliza Shangazi.

— Programu ilikuwa inadai kila nafasi ijazwe. Nikaandika Nyumbani.

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine Profesa angecheka mpaka ashike mbavu.

— Sasa si wangewaambia mfute? Koti akasema.

— Walituambia. Mwisho wa mafunzo, kila mtu afute kile cha majaribio. Nikafika kwenye kitufe. Kompyuta ikaniuliza, una uhakika unataka kufuta? Nikamtazama. Jina la ukoo mbele, mkato, jina lake, limenyooka vizuri kabisa kati ya wasomi wa watu. Nikafunga kompyuta nikaenda zangu nyumbani.

Mimi si mtu wa machozi, lakini nimeyatazama majina ya wenzangu kwenye migongo ya vitabu maisha yangu yote, na najua jina likipangwa vizuri linavyopendeza.

Profesa ndiye aliyeanza kutoa ushauri, maana kimya kwake ni kama kiatu kinachobana.

— Sikilizeni. Hili jambo dogo. Alhamisi unasimama unasema, waheshimiwa, programu imejiandikia. Hizi kompyuta zina tabia hiyo. Ukiiachia nafasi wazi, inatafuta kitu cha kujaza.

— Na jina la mkewe imelipata wapi? nikauliza.

— Zinasikiliza hizo. Mtu akiwa na majonzi anaongea peke yake mbele yake, nayo inachukua.

— Profesa, rudi kwenye viatu, akasema Shangazi.

Koti akajisogeza, akafunga vifungo vya koti. Huwa anafanya hivyo akitaka kusema neno zito.

— Mimi nimelinda mlango ule. Najua vitabu vinavyopotea. Mnaenda na jibu moja tu: kitabu kilikuwepo, kikaibwa. Nami nitakuja kutoa ushahidi. Nitasema nilikiona kikitoka chini ya kwapa la mtu.

— Wewe ulistaafu kabla ya mwaka ulioandikwa hapa, nikamwambia.

— Basi nilikiona nikiwa nimestaafu. Macho hayastaafu.

— Ushahidi hautoshi, Profesa akadakia. Wanataka kitu cha kushika. Na hapa tuna nani? Tuna Gundi. Gundi, kitabu kimoja unakifunga kwa muda gani?

Nikajifanya sijasikia. Lakini lazima niseme ukweli, nilishaanza kupiga hesabu. Nilikuwa na kitambaa cha kijani kizito kilichobaki, kinatosha jalada moja. Kurasa mia na hamsini hivi, herufi za dhahabu mgongoni. Kwa siku moja ningeweza.

— Na ndani kutakuwa na nini? akauliza Shangazi.

— Chochote. Jopo watatazama jalada na jina. Watu wakubwa wale, nani kati yao anafungua kitabu siku hizi? Mimi nitakizeesha kidogo kwa rangi ya viatu, ile ya kahawia, kionekane kimeshikwashikwa. Halafu Koti anaingia nacho.

— Naingia nacho wapi?

— Maktaba. Wenzako wa mlangoni bado wanakuamkia. Unakibandika namba, unakichomeka rafu ya ualimu. Jopo wakipanda kutafuta, wanakikuta. Na haishii hapo. Mwakani mwanafunzi mmoja anakiona, anakitaja kwenye tasnifu yake. Mwingine anamtaja yule. Miaka kumi hivi, vyuo vyote vya ualimu vinafundisha *Mtoto Anayekaa Nyuma*. Shemeji atakuwa anajulikana kuliko sisi wote tukiwekwa pamoja.

Jicho lilimmeta Profesa, na nilimwona Mwalimu akimsikiliza kwa namna iliyonitisha.

— Na siku wakitaka mwandishi aje kutoa hotuba? akauliza Shangazi.

Profesa akaokota kiatu, akakigeuza, akakirudisha chini.

Shangazi akakaa, kitu ambacho hafanyi akiwa kazini. Akamgeukia Mwalimu.

— Hebu niambie, mwanangu. Humu ndani umemtaja mara ngapi?

— Mara tatu.

— Zote za mafunzo?

Mwalimu akaweka kikombe chini.

— Moja tu. Mbili niliziweka mwenyewe baadaye, nikijua. Nilikuwa naandika sura ya tatu, nikafika mahali ambapo jambo ni lake. Ningeandika nini? Ningesema nimelivumbua mimi? Nikabofya jina lake.

— Jambo gani hilo?

— Kwamba mtoto anayekaa nyuma si mkorofi. Mara nyingi haoni ubao, na anaona haya kusema. Alikuwa kila Jumatatu anawahamisha wote viti, bila kumtaja mtu, mpaka anamjua asiyeona. Na yule anayefutafuta daftari mpaka likatoboka, wenzetu wanamchapa kwa uchafu. Yeye alisema huyo anaogopa kukosea kuliko anavyopenda kujua. Alikuwa anakusanya vifutio vyao wiki nzima anaviweka mezani kwake, anawaambia, wiki hii darasani kwangu hakuna kosa. Mimi nimefundisha darasa la saba miaka yote, nikidhani najua kazi. Hayo sikuwahi kuyaona. Sura ya tatu yote, ukweli wake, ni ya kwake.

— Basi hukughushi, akasema Koti.

— Nimeghushi, kaka. Aliyoyasema ni kweli, kitabu ni cha uongo.

Hapo ndipo yule dada wa maktaba alipotokea kwenye kona, yule anayefundisha mafunzo. Kwa miaka yote aliyofanya kazi humo hakuwahi kufika benchini kwetu. Alikuwa na daftari na kalamu, na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri.

— Shikamooni. Mwalimu, nimekutafuta kwenye vyumba vyote vya kusomea.

— Marahaba, mwanangu.

— Jopo walinipa kazi ya kukitafuta hicho kitabu. Nimekitafuta siku mbili, mpaka kwenye orodha za maktaba za mbali. Jana ndipo nikatazama vizuri mchapishaji. Nikamkumbuka mzee aliyekuwa anakaa kompyuta ya dirishani, aliyeniuliza kama nafasi zote ni lazima zijazwe. Nikamjibu ndiyo, nikapita. Sikutazama alichoandika.

Shangazi akampisha akae. Profesa, bila haya, akaanza kumweleza habari ya kitambaa cha kijani. Dada akamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

— Msifanye hivyo, akasema. Mkifanya hivyo hatutakuwa na la kumsaidia. Mwalimu, nisikilize. Kwenye ile programu kuna nafasi nyingine ambayo siku ile hatukuifikia, muda ulitubana. Ni ya maneno uliyoambiwa na mtu kwa mdomo, ambayo hayakuchapishwa popote. Inakubalika kabisa. Unaandika jina lake, unaandika mazungumzo ya ana kwa ana, basi. Tuandike barua leo, tueleze kosa lilivyokuwa, tuwaombe turekebishe. Alhamisi nitasimama na wewe nami niseme zoezi lilikuwa langu. Nimeshaongea na msimamizi wako. Amesema jopo wanaweza kukubali, kama marekebisho yamekamilika na nakala zimefungwa upya.

— Kwa hiyo atabaki? Mwalimu akauliza. Jina lake litabaki?

— Litabaki. Mara zote tatu.

Mwalimu akafunika uso kwa viganja. Koti akamshika bega. Nami nikajisikia mwepesi, nikaanza kufikiria ni uzi gani nitatumia.

Dada akafungua daftari gotini, akaandika jina la marehemu juu, taratibu, jina la ukoo mbele.

— Imebaki nafasi moja tu, akasema. Alikuambia tarehe gani?

Mwalimu akaondoa mikono usoni.

— Tarehe?

— Siku aliyokueleza mambo hayo. Bila tarehe wataona ni kitabu kilekile kimebadilishwa jina.

— Tulikuwa tunaosha vyombo, akasema Mwalimu. Yeye anaosha, mimi nafuta. Alikuwa anaongea habari za darasani mpaka sahani ziishe.

— Siku gani hiyo?

— Kila siku. Miaka ishirini na sita.

Dada hakuandika.

— Chagua basi hata moja, Mwalimu. Ile ya watoto kuhamishwa viti.

— Ile mvua ilikuwa inanyesha. Hapana. Ya vifutio ndiyo mvua ilikuwa inanyesha. Ya viti, alikuwa amekata kidole kwa kisu, nikamwambia aache niendelee mimi, akasimama pembeni anaongea.

— Mwezi je? Mwaka?

Tukamtazama Profesa, ambaye ana jibu la kila kitu. Alikuwa anatazama viatu vya watu. Koti alikuwa akifungua vifungo na kuvifunga tena. Nilitaka kusema andikeni yoyote, nani atajua, nikaona aibu kwa sababu ndicho kitu alichokuwa ametoka kukatazwa Profesa.

— Tarehe yake ninayoikumbuka barabara ni moja, mwanangu, akasema Mwalimu. Na siku hiyo hakusema kitu.

Shangazi akainua birika ampatie dada kikombe. Yalitoka machicha tu, akalishusha. Dada akaondoka na Mwalimu, daftari likiwa bado wazi, wakaelekea upande wa nyumbani kwake, wakatazame kalenda za shule na madaftari ya marehemu ya kuandalia masomo, kama yapo.

Nakala tatu waliniachia. Nimezikata mgongo, nimeutoa ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, na kurasa tatu anapotajwa, nikaacha nafasi zake. Leo ni Jumatano. Gundi yangu inataka usiku mzima ikauke, kwa hiyo jioni ya leo ndiyo mwisho, na kila nikisikia nyayo nje ya kibanda nainua kichwa.