Karakana ya Loishiye Isiyomwamsha Jirani

Kabla sijamsalimu mtu yeyote kwa cheo chake, nawaomba jambo moja kwa heshima zote. Maneno nitakayosema leo yasishuke mlima huu. Yasifike sokoni Maji ya Chai, yasifike kwa mpishi wa misheni, na zaidi ya yote yasifike bomani Arusha, ambako ndiko ninakopata riziki yangu. Mnajua kuwa huko karani akikosa haonywi. Hupewa hamsa ishirini za kiboko, na mgongo wangu, kama mnavyouona, si mpana.

Baada ya ombi hilo, sasa nasalimu. Mheshimiwa Mshili Anaeli, kiongozi wetu. Wazee wa koo zote, shikamooni. Bwana Mwalimu Solomoni wa shule ya misheni. Bibi Nashilu, jirani wa karibu kuliko wote. Ndugu zetu mliotoka Kisongo kwa miguu. Kina mama mnaopika tangu alfajiri. Ndugu wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila mmefuata harufu ya nyama: karibuni nyote.

Mimi ni Sifael, karani. Tumekusanyika kufungua karakana ya mhunzi. Je, karakana ya mhunzi hufunguliwa kwa hotuba? Mhunzi hukoka moto, akapiga chuma, na papo hapo watu wote wameshaalikwa, watake wasitake. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yetu.

Loishiye na mkewe Simaloi walihamia hapa masika yalipokwisha, kwa sababu malisho ya baba yake kule Kisongo sasa yamezungushiwa waya, na mimi sitasema waya huo ni wa nani. Mheshimiwa Mshili akampa kiwanja hiki. Tulimhitaji. Majembe yetu yalikuwa yamelika hadi yakafanana na vijiko. Naye alikuja na fuawe yake, lile pande la chuma ambalo mhunzi hufulia juu yake, nalo ni kipande cha reli alichokipata Moshi gari la moshi lilipofika.

Sasa, kengele ya shule ya Mwalimu Solomoni nayo ni kipande cha reli. Siku ya kwanza Loishiye alipoinua nyundo, watoto waliacha mbuzi wakakimbilia shuleni. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu kengele ya kweli ilipolia, wakasema, "Ah, huyo ni Loishiye," wakaendelea kuchunga. Mwalimu, nasema uongo? Anaitikia kwa kichwa.

Lakini aliyeumia kuliko wote ni Bibi Nashilu. Nyumba yake iko hatua thelathini kutoka hapa, na ule mwamba uliokuwa chini ya fuawe ndio huo huo ulio chini ya nyumba yake. Vibuyu vyake vilicheza ngoma ukutani. Kuku wakayaacha mayai. Ng'ombe akazuia maziwa. Bibi akaja mpakani akaita, "We Loishiye! Unafua jembe au unanifua mimi?"

Loishiye ni mtu wa adabu. Kesho yake alifanya kama walivyomfundisha baba zake. Aling'oa nyasi mbichi, konzi moja, akaenda akazinyoosha mbele ya Bibi, kwani kwao mtu aliyeshika nyasi anaomba amani, na hakuna awezaye kumkatalia. Bibi akazipokea kwa mikono miwili. "Asante, mwanangu," akasema, "ila ng'ombe huyu hashibi kwa konzi. Kesho lete mzigo." Akamlisha ng'ombe. Loishiye akarudi kwake akijua amekwisha kusamehewa, akapiga nyundo kwa furaha mpaka jioni.

Mnacheka. Bibi hakucheka. Alitembea tangu alfajiri hadi bomani, na aliyemwandikia shauri lake ni mimi. "Andika, karani," akasema. "Kichwa changu si fuawe." Nikaandika hivyo hivyo. Bwana Shauri, yule Mdachi anayeamua kesi bomani, alikuwa tayari amevaa viatu vya safari, hakuuliza swali la pili. Akatoa amri: karakana ibomolewe, mhunzi arudi alikotoka, na karani aende akaisome amri hiyo hapa. Kisha akapanda nyumbu wake, akaenda kukagua barabara kwa majuma mawili.

Simaloi, usinitazame hivyo. Ndiyo, amri ipo. Ilikuwa ndani ya mkoba huu siku ile uliponipokea kwa kibuyu cha maziwa. Nilisimama langoni, nikaikunjua karatasi, nikakohoa. Mumeo akatoka na koleo mkononi, na kwenye koleo kipande cha chuma chekundu kinachorusha cheche. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Karani, umetumwa nini?" Ndugu zangu, nimesoma misheni miaka sita. Zaburi nilizokariri, hesabu, mwandiko mzuri, vyote vilinitoka. Nikajibu, "Nimetumwa kupima kelele."

Msinisifu. Ule haukuwa ujasiri, ulikuwa woga mtupu. Lakini mtu aliyesema ametumwa kupima kelele, afanye nini tena? Ilinibidi nizipime. Nikamwomba Loishiye apige, nami nikashuka mteremko nikihesabu hatua mpaka sauti ipotee. Ilipotea hatua ya mia saba na kumi, nikiwa mtoni, maji yamenifika magotini. Nikaandika.

Siku ile ile Mheshimiwa Mshili akasikia habari za zile nyasi, akacheka hadi akatafuta pa kukaa. "Loishiye, huku Meru tunaombana radhi kwa jani la sale, hili tunalolipanda mipakani! Amani yako imeliwa na ng'ombe!" Asubuhi Loishiye akaenda na jani la sale. Bibi akalipokea, maana halikataliwi. Akasema neno ambalo sitalisahau: "Nimekusamehe wewe. Nyundo yako sijaisamehe."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba radhi ni jambo moja na kelele ni jambo jingine. Tukaiondoa fuawe juu ya mwamba. Tukachimba shimo la kina cha goti, tukalijaza mchanga wa mtoni, tukasimamisha humo gogo la mringaringa, na kati ya gogo na chuma tukaweka ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa mara tatu. Vibuyu vikatulia. Lakini chuma chenyewe kilizidi kulia. Simaloi akasema, "Mtu anayelia hushikwa bega," akachukua mnyororo wa zamani akaizungushia fuawe, akaukaza. Ikanyamaza. Wanaume tulikuwa saba pale, na hakuna aliyekuwa amewaza hilo. Kisha tukajenga kuta mbili, moja ndani ya nyingine, katikati tukashindilia majani makavu ya mgomba, nje tukakandika udongo na mavi ya ng'ombe. Mlango tukaugeuzia mtoni, kwa sababu mto una kelele zake na haulalamiki. Tena Loishiye ameahidi: hapigi kabla ya kukamua, hapigi Bibi anapopumzika mchana, hapigi Jumapili, wala panapokuwa na msiba au mama aliyejifungua.

Je, imefaa kitu? Wengi mnajiuliza mwenye shughuli yuko wapi. Hajaenda popote. Yuko nyuma ya ukuta huu, hatua kumi kutoka hapa nilipo, na tangu nilipoanza kuwaomba siri anafua jembe la Mheshimiwa Mshili! Ule mdundo mliokuwa mkiusikia mlidhani ni mtu anatwanga. Simaloi, fungua mlango. Mmesikia? Sasa funga.

Bibi Nashilu anasema ni uongo, ufunguliwe tena. Haya, fungua. Funga. Anataka mara ya tatu. Bibi, utatumalizia mlango!

Sasa naomba mnyamaze, kwa sababu nimefika penye hofu yangu. Bwana Shauri anarudi Jumatatu. Hapa nina karatasi ya pili niliyoiandika mimi, nayo inasema, "Mimi Nashilu sina tena shauri na jirani yangu." Ikiwa na kidole gumba cha Bibi, nitaiweka juu ya ile amri, na amri itakuwa haina kazi. Isipokuwa nacho, Jumanne askari watapanda na mashoka, Loishiye atarudi kwenye waya, na mimi nitaulizwa nilikuwa napima nini siku kumi na mbili. Bibi, shikamoo. Nakuomba.

Anasema, "Siweki."

Bibi...

Anasema, ngoja niyarudie maneno yake kwa walio nyuma: "Zamani nikisikia nyundo, najua kijana yu mzima. Sasa mmemfungia humo na moto. Akianguka, nani atajua? Kila asubuhi kabla hajakoka, aje kwangu, aniamkie, anywe uji nimwone. Andika hilo kwanza, karani, ndipo ulete hicho kikaratasi."

Naandika, Bibi. "Na mhunzi atakunywa uji." Wino wa kidole nimeusahau Arusha kwa hofu, Simaloi, tupatie masizi ya mumeo. Hapo. Bonyeza. Kimekaa! Kikubwa, cheusi, kimefunika hata jina langu, lakini kimekaa! Pigeni vigelegele, kina mama, hata Loishiye asikie huko ndani. Mwiteni atoke. Yeye peke yake bado hajui kwamba alikuwa anafukuzwa, na hajui kwamba habaki kwa hisani ya boma, anabaki kwa uji wa jirani.

Nawashukuru, Mheshimiwa na ndugu zangu wote, kwa kunitegea masikio mpaka mwisho. Nyundo ikisikika tena, ukuta ukipasuka au mnyororo ukilegea, msipeleke shauri bomani. Nitafuteni mimi kwanza. Siku za soko, jua likiwa utosini, huwa nanunua ndizi mbivu kwa kina mama wanaokaa kwenye kivuko cha mto Themi. Msiniite karani, niiteni Sifael. Mkinikuta nimevaa kofia, askari yuko karibu: ulizeni bei ya ndizi, mpite. Mkinikuta nimeivua, njooni tukae.