Chrispinus Shikanga na Gari Lililokataa Kushuka Bei

Wachungaji wetu, wazee wa ukoo, wakwe zetu kutoka Chavakali, majirani wa Lurambi, na nyinyi wenzake marehemu wa yadi za magari mliofunga kazi leo mkaja, poleni na karibuni sana. Anayesoma ni George, kitinda mimba wa Mzee Osiako, ambaye familia imemwagiza asome polepole kama mtu mzima, lakini waliomjua marehemu wanajua kwamba habari zake hazisomeki polepole, kwa hivyo sauti ikipanda mvumilie.

Chrispinus Shikanga Osiako alizaliwa tarehe 3 Juni 1962 hapa hapa Lurambi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Osiako na marehemu Mama Awinja. Baba yetu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na biashara yake haikuwa ya kununua na kuuza tu, ilikuwa ya kubadilishana, mtu analeta fahali aliyechoka, anaongeza kitu juu, anaondoka na mori, na ujuzi wote ulikuwa katika kujua yule aliyechoka amechoka kiasi gani. Chrispinus aliipenda kazi hiyo tangu akiwa hana meno ya mbele, na Mama alipenda kusimulia jinsi alivyomkuta uani amewapanga ingokho, kuku wake wote, anawaeleza watoto wa jirani ni yupi atakuwa ameshuka bei kabla ya Krismasi na ni yupi wa kumshikilia. Mama alimchapa, halafu akaenda sokoni akauza yule yule aliyeonyeshwa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka wa 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari mjini Kakamega kutoka 1976 hadi 1979, ambako somo lililomshika lilikuwa hesabu, na ndani ya hesabu lile la asilimia, basi, mengine alisoma ili asifukuzwe. Mwaka wa 1980 alienda Kisumu kusomea umakanika, akarudi mwaka wa 1982 akiwa na cheti, ovaroli ya bluu, na picha ya gari jekundu la spoti la viti viwili aliyoikata kwenye gazeti, akaibandika ukutani juu ya kitanda, na Baba alipoiona aliuliza gunia la mahindi litakaa wapi, swali ambalo halijajibiwa hadi leo.

Aliajiriwa mwaka huo huo katika karakana ya kiwanda cha sukari, akatengeneza trekta za kubeba miwa kwa miaka kumi na mitatu, na tarehe 6 Machi 1995 akafungua yadi yake kando ya barabara ya kwenda Webuye, akiwa na magari matatu, moja likiwa halina injini. Hapo ndipo Kakamega ilipomjua. Mtu alikuja na gari lake kuukuu, Chrispinus analizunguka, anapitisha kiganja kwenye boneti kama Baba alivyopitisha kwenye mgongo wa ng'ombe, anakalia kiti cha dereva, kisha anataja bei ya hilo kuukuu na kiasi cha kuongeza ili mwenyewe aondoke na jingine, na ole wako ukibishana. Alihubiri injili moja, kwamba gari jipya huanza kufa bei likitoka getini, kwamba mwaka wa kwanza ndio huuma, wa pili huuma, wa tatu pia, na baada ya hapo maumivu hupungua, kwa hivyo mwacheni tajiri aumie kwanza. Na gari la spoti, alisema, hushukanga kama ndoo iliyokatika kamba kisimani, kwa sababu nani hapa atanunua kitu kisichobeba mkwe, kisichobeba mbolea, na kinachokwaruza tumbo kwa kila tuta?

Lakini weee! Huyo huyo mhubiri, mkisikia mlio wa gari la spoti likipita Lurambi, mlikuwa mnamwona anaacha mteja katikati ya sentensi na kukimbilia barabarani na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa na hamu moja maishani, aliisema wazi kwa kila mtu, kwamba siku moja atapata gari la spoti lililo karibu jipya, lililokwisha kumuumiza tajiri likashuka hadi kwake, alichukue kwa kubadilishana kama Baba alivyochukua ng'ombe, kwa bei ya haki, naye aliingoja siku hiyo miaka thelathini bila aibu yoyote.

Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa na Teresa Kageha wa Chavakali, mwanamke aliyemkataa mara ya kwanza kwa sababu alizungumzia rimu za magari tangu chai hadi ugali. Mungu aliwajalia watoto watatu, Beverly aliyezaliwa 1989, Bravin wa 1992, ambaye ndiye anayeendesha yadi sasa, na Mitchel wa 1998. Teresa alijifunza kuendesha gari kwa kuyasogeza magari ya yadi asubuhi na jioni, kila aina, kila gia, na familia inatamka rasmi mbele yenu, jambo ambalo marehemu hakuwahi kulikubali, kwamba Teresa ndiye dereva bora wa nyumba hiyo.

Sasa tufike kwa Clifford, naye yuko hapa, tumemwomba ruhusa akatupa. Clifford Were wa Amalemba, mkandarasi, rafiki wa Chrispinus tangu sekondari, alinunua gari la spoti jipya kabisa, jekundu, viti viwili, gia za mkono, na Jumapili tarehe 8 Mei 2022 akaita watu nyumbani kwake kulibariki, mchungaji akaliombea matairi na breki, akina mama wakalizunguka kwa nyimbo, maji yakanyunyizwa, na kati ya amina na kuku, wakati watu wananawa mikono, Chrispinus akalizunguka gari, akapitisha kiganja, na akatangaza kwa furaha kamili, kana kwamba anatoa zawadi, kwamba tangu litoke dukani mpaka hapa Amalemba lilikuwa limeshapoteza robo ya bei, na kwamba Clifford akivumilia miaka mitatu atamletea pikapu nzuri wabadilishane! Jamani. Mtu anakuja kwa maombi anatoa makadirio! Mchungaji alikohoa, mke wa Clifford alirudisha sufuria jikoni, na Clifford aliapa mbele ya wote kwamba gari hilo litaoza kabla ya kukanyaga yadi ya Shikanga. Hawakusalimiana tena miaka mitatu, na Chrispinus, aliyempenda Clifford na kulipenda gari, alikuwa amejifungia mlango wa vyote viwili kwa mdomo wake mwenyewe, na jambo hilo lilimuuma, alimwambia Teresa hivyo waziwazi.

Mnamo Januari 2025 obusuma, ugali wetu, ulianza kumkataa kooni. Alisingizia mboga, akasingizia meno, mpaka Beverly akampeleka kwa nguvu hospitalini, na mwezi wa Februari Daktari Chepng'etich akatuambia kwamba ni saratani ya umio, na kwamba imechelewa kuonekana. Alitibiwa, akakonda, akabaki macho na koti, lakini kila asubuhi alidai apelekwe yadi, akae kwenye kiti chake na blanketi magotini, akiwaambia wateja mabaya ya magari yao kwa sauti ya kunong'ona. Alijua siku zake si nyingi. Alichokuwa akiuliza kila jioni ni kama lile gari jekundu limeonekana barabarani, na linaendaje.

Alhamisi tarehe 12 Juni, mchana kweupe, lile gari liliingia yadi lenyewe. Clifford alikuwa amepata kazi ya kujenga kalvati za kupitisha maji chini ya barabara huko Lugari na alihitaji pikapu, na yadi mbili za Kisumu zilikuwa zimemwambia kwamba gari la spoti huku kwetu ni pambo, zikamtajia bei ya kumtoa machozi, kwa hivyo alimeza kiburi, akasimama mbele ya kile kiti na blanketi, akasema amekuja kama alivyoambiwa siku ya maombi, miaka mitatu imefika, Chrispinus alete pikapu wabadilishane moja kwa moja, bila yeyote kuongeza kitu.

Pikapu ilikuwepo! Ilikuwa imesimama pale pale, imeoshwa! Bravin alikuwa tayari ameshika ufunguo, Teresa alikuwa amefunga mikono kifuani akiomba, makanika wote walikuwa wameacha kazi, kwa sababu kila mtu katika yadi ile alijua kwamba mzee amebakiwa na neno moja tu la kusema, sawa, na hamu ya maisha yake inalala nyumbani kwake. Chrispinus aliinuka. Alilizunguka gari, mkono mmoja kwa Bravin, mwingine kwenye bodi, akapitisha kiganja, akasimama, akauliza mwaka wa mwisho kiwanda kutengeneza aina hiyo ni upi, akaomba simu. Alimpigia mtu wa Nairobi, akampigia mtu wa Mombasa, akawauliza yanaendaje haya mekundu ya gia za mkono, na kila jibu lilipokuja uso ulizidi kuwaka, hadi alipoitupa simu kwenye blanketi na kupiga kelele, sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu Januari, "Imekataa! Clifford, hii kitu imekataa kushuka!"

Akaeleza akiwa amesimama kwamba viwanda vimeacha gia za mkono, kwamba wanaoyapenda magari haya wanayatafuta kwa tochi, kwamba lilishuka kweli miaka miwili ya kwanza kama alivyosema, halafu likafika mahali likakaa, na tangu mwaka jana linapanda, sasa limeipita pikapu mbali, na kwamba yeye Shikanga amehubiri uongo miaka thelathini na hajawahi kufurahi hivi kwa kukosea! Halafu akamshika Clifford koti, akamwambia asimpe mtu gari hilo, asiwape wa Kisumu, asimpe hata yeye, alifunike nyumbani, na hiyo pikapu aichukue kwa kukodi mpaka kalvati ziishe. Bravin aliketi chini kwenye changarawe, mtu mzima na ndevu zake. Clifford alilia. Walilia wote wawili wameshikana, miaka mitatu ya bure.

Teresa hakulia, alikasirika, na nyumbani jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba angenyamaza tu, mgonjwa gani anashtakiwa kwa kunyamaza, na alikuwa akilia moyoni kwa sababu alijua hakuna lingine litakalokuja kwa wakati. Marehemu alimjibu kwamba alilitaka, analitaka hata sasa hivi, lakini angelichukua kwa bei ile, kila akiketi ndani angekuwa amemkalia Clifford. Kisha akaomba uji, akaumaliza wote, akaanza tena habari ya gia za mkono mpaka Teresa akacheka bila kutaka.

Jumamosi tarehe 12 Julai, Clifford alifika na gari, akampa ufunguo. Chrispinus hakuweza kuliendesha tena, na hata kuingia kulikuwa kazi, maana kiti kiko chini mno na mgongo wake haukukunjika, basi vijana wanne wa bodaboda walimwingiza taratibu kama wanaopitisha sofa mlangoni, na kwa kuwa viti ni viwili tu, Clifford alibaki yadi ameshika fimbo ya mgonjwa, na Teresa akashika usukani. Walielekea Malava. Teresa aliyavuka matuta kwa pembeni ili tumbo lisikwaruze, akayapita matrekta ya miwa moja baada ya jingine, na watu waliokuwa sokoni walituambia kwamba walisikia mlio kwanza, halafu upepo, halafu wakaona jekundu likiishia msituni. Waliporudi, marehemu alikuwa na jasho na macho ya kijana, akamwambia kila mtu, na wiki zote zilizofuata akawaambia manesi, mchungaji na wageni, kwamba Teresa alipiga kelele za woga njia nzima.

Hali yake ilibadilika katikati ya Agosti, na Jumanne tarehe 26 Agosti 2025, asubuhi, akiwa na mkewe na watoto wote watatu kando ya kitanda, alituacha. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Familia inamshukuru Daktari Chepng'etich na manesi wake kwa kumtibu kama baba yao na kuvumilia maoni yake kuhusu magari yao, majirani wa Lurambi waliotuletea kuni, maji na ng'ombe, kanisa, steji ya bodaboda, wenzake wa yadi kutoka Kakamega hadi Bungoma, na Clifford Were, ambaye ameacha gari kule barabarani kwa sababu mtaro wetu ungelikwaruza, na ameomba tuseme kwamba ameulizwa bei mara mbili tangu asubuhi, hapa hapa matangani, na hauzi.

Mwisho, mjane Teresa ameomba jambo moja lirekebishwe mbele ya watu wote kabla hatujaelekea kaburini. Siku ile ya Malava hakupiga kelele hata kidogo. Aliyepiga kelele ni Chrispinus, kuanzia soko mpaka msitu ukaisha, amemshika goti, na zilikuwa kelele za neno moja, ongeza, mama Beverly, ongeza, naye anataka mjue kwamba aliongeza.

Kaka yetu, sasa pumzika, na iwe kwa amani.