Sufuria ya Uji ya Mama Mdogo

Ndugu zangu mliofiwa kama mimi, nashukuru kwa kunipa nafasi hii. Sitamtaja mtu kwa jina. Aliyekosa ni mimi, nami nimesimama mbele yenu.

Nikiwa chuoni nilianza kusikiliza riwaya za upelelezi za Kiingereza zilizorekodiwa kwa sauti, mfululizo mrefu wa daktari anayechunguza maiti. Katika kila kitabu mwili wa marehemu humfichulia daktari nani ameua. Nilipopata kazi Bunda, kila Jumamosi nilikuja hapa Kigera kwa mama, tukasikiliza pamoja, nami nikimfasiria. Alimpenda yule daktari, ila hakuacha kumtania: "Maiti anaziulizaga kila kitu. Walio hai je, anawaulizaga lini?"

Kisha mama akaugua. Mama mdogo akaja kutoka Butiama kumuuguza dada yake. Asubuhi moja alimnywesha uji wa ulezi. Kabla ya adhuhuri mama akakata roho.

Ndugu zangu, nawaambia kweli: nilipofika sikulia. Nilikagua midomo ya mama, nikakagua kucha. Nikaichukua sufuria ya uji, nikaifunga kwenye nailoni, nikatangaza mbele ya waombolezaji: "Mtu asiiguse. Huu ni ushahidi."

"Baba, unasema nini?" mama mdogo aliniuliza.

"Nasubiri vipimo," nikamjibu, kama vile mimi ndiye yule daktari.

Jioni alipika ugali wa muhogo na dagaa kwa ajili ya wafiwa. Hakuna aliyenawa mikono. Mnajua kwetu maana yake, chakula cha mtu kikikataliwa msibani: ameshaitwa mchawi. Nilisikia jirani akinong'ona, "Hata msomi wao ameshamwona." Mama mdogo akajifunga kanga, akaondoka. Hakumzika dada yake.

Majibu ya uchunguzi wa mwili na wa uji, niliouomba hospitali, yalipotoka, yalisema mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Uji haukuwa na kitu. Mimi niliyewakemea wazee kwa kutafuta mchawi katika kila kifo, nilikuwa nimemtafuta wangu, nikampata, nikamfukuza.

Kwa miezi mingi sikuweza kusema. Nilipokuja kwenu katika kikundi hiki cha wafiwa na kuanza kuomba radhi, mama mmoja aliyeketi humu alinikatiza: "Mwanangu, sisi umetukosea nini? Nauli ya Butiama huna?" Mlicheka. Mimi nilikwenda.

Niliibeba sufuria, nimeisugua mpaka inang'aa. Mbele ya majirani zake nikapiga magoti, nikaeleza nilichofanya, nikamwomba anipikie uji humohumo. Nikaunywa wote. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Dada aliniachia maneno nikupe."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Mama alikuwa amesema: kitabu kipya kikitoka, nisikisikilize peke yangu. Nimngoje.

Kimeshatoka. Sijakifungua.

Nawashukuru mliokaa nami bila kunihukumu, na wewe mama uliyenitajia nauli. Funzo langu ni hili: elimu isiyomuuliza aliye hai ni ukatili uliovaa koti jeupe. Ukifiwa, kabla hujauliza nani ameua, muulize aliyekuwepo: alisema nini?

Jumamosi hii mama mdogo anakuja kuliona kaburi la dada yake kwa mara ya kwanza. Amesema atapika mwenyewe. Nami nawaomba jambo moja tu, ndugu zangu: njooni, na maji yakipitishwa, naweni.