Mama Mkwe Amemezwa na Pazia

Benchi la nje ya saluni lilikuwa na watu wawili na limejaa, maana Profesa hukalia nafasi ya watatu. Kinyozi alisimama mlangoni, kitana mkononi, roho juu. Ndani, runinga ilionyesha harusi ya binti yake: mama mkwe wa Kinyozi, gauni jeusi, pazia jeusi nyuma, anatoa wosia. Kilichoonekana ni kichwa tu, kinaelea. Na mwenye kichwa yuko njiani, anakuja kujitazama. Tangu Kinyozi amsahau kwenye picha ya familia, salamu zake huziitikia nusunusu.

— Atasema nimemkata makusudi.

— Uliweka kiwango cha rangi nilichokwambia? aliuliza Profesa, mtunza stoo mstaafu aliyejipa cheo mwenyewe.

— Niliweka, kwenye deki. Kulikuwa na "Kamili" na "Finyu". Nikachagua Kamili.

— Sasa? Mwenye akili gani achague finyu? Mkataa pema, pabaya panamwita.

— Mbona giza ndilo limezidi?

Waya, fundi wa feni, akapuliza kahawa yake.

— Ni zile sinema zako za majambazi. Giza lake limeganda kwenye waya. Haba na haba hujaza kibaba. Uchomoe, uuanike juani.

— Usimsikilize, alidakia Profesa. Rangi kamili huja na weusi kamili. Mweleze mama hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Leo sijui kama nitapona, alisema Kinyozi.

Hodi ikapigwa. Kinyozi akampokea mama mkwe mkoba, akamwingiza hadi penye runinga, akajieleza mpaka jasho likamtoka. Bibi huyo, aliyeuza mchele sokoni miaka thelathini, alimsikiliza hadi mwisho.

— Deki ndiyo inayopima, runinga inapokea?

— Ndiyo, mama.

— Vibaba vyao viko sawa?

Benchi zima likainamia vikombe. Muda wote huo hakuna aliyefungua mipangilio ya runinga yenyewe. Kinyozi akaifungua: Finyu. Akaweka Kamili, sawa na deki.

Gauni likajitenga na pazia, mikunjo yake yote, hadi vifungo. Mama mkwe akatabasamu. Kinyozi akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza akampenda mama yule. Bibi akavaa miwani, akasogelea kioo cha runinga.

— Na huyu wa suti nyeusi nyuma yangu, aliyelala mdomo wazi mimi nikimuusia mjukuu wangu, ni nani?

Profesa alikohoa, jicho kwa Kinyozi. Waya akainua birika amimine, kumbe kahawa imekwisha.