Maharage Yaliyongoja Picha

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mnivumilie, maana leo nimesimama mbele yenu na hasira, wala sitaificha kwa kutabasamu.

Wakati wa vita tulikimbia kutoka Mutwanga, mimi, mtoto wangu mgongoni, na mamamkwe wangu, Koko Kavira. Mume wangu, mwanawe Koko, alikuwa amekwisha kuuawa shambani. Tukapita Beni, tukafika Butembo, tukalazwa katika darasa la shule kule Rughenda. Koko aliokoa kitu kimoja tu cha maana, kitenge kipya alichojifunga kiunoni. Alikinunua kwa kahawa aliyolima mwenyewe.

Kesho yake akina mama wa kanisa moja wakatuletea bugali na maharage. Ndugu zangu, tulilia kwa furaha! Lakini sufuria zilibaki zimefunikwa. Tukaambiwa tumngoje mpiga picha, ili wafadhili waone kazi ya Mungu. Tukapangwa mistari, tukafundishwa wimbo wa kushukuru. Kushukuru nini? Hatujaonja hata punje! Mtoto wangu alilia mpaka sauti ikakauka, na harufu ya maharage iko hapo hapo.

Mpiga picha alipofika, kiongozi wa wale akina mama akamvuta Koko mbele, kwa kuwa ni mzee na amekonda. Kisha akamtazama kiunoni.

"Koko, toa kwanza ile kitenge. Inaonekana mupya. Ku photo batasema hauna shida."

Koko hakupandisha sauti. "Vita ilininyanganya nyumba na mutoto. Hii kitenge, hapana."

Akarudi ndani, akalala bila kula. Nikikumbuka, damu inanichemka mpaka leo. Mtu anabeba jina la Yesu pamoja na sufuria, halafu anataka kumvua mwanamke mzee nguo ili kanisa lake lisifiwe! Hiyo si huduma. Ni biashara, na bidhaa tulikuwa sisi.

Baadaye nilipata kibanda sokoni, nikauza mboga. Wakimbizi wengine walipokuja, nikaanza kuwapikia uani kwangu. Mungu alinipa maharage, majirani wakanipa kuni. Lakini kila nilipochota nilisema kwa sauti kwamba hapa hakuna photo, hapa si kama kwa wale. Nikawasimulia habari yote, kila mara, mwiko mkononi. Nilitaka maneno yamfikie yule kiongozi, yamchome. Na nilijiona nina moyo safi kuliko mji mzima.

Siku moja mama mmoja aliyekimbia kutoka Alimbongo akafika mbele yangu na sahani. Hakuinyoosha. Aliishika kifuani, akainamisha kichwa. Nikamwuliza anangoja nini.

"Nangoja umalize kusema, mama," akanijibu. "Bananiambia hapa ni hivyo."

Ndugu zangu, mtoto mgongoni mwake alikuwa analia.

Mwiko ukaniponyoka. Koko alikuwa pembeni anachagua maharage, na hakuinua hata macho. Nikapiga magoti pale pale kwenye majivu. Nikamwambia Yesu amtoe yule mwanamke moyoni mwangu, maana muda wote huo nilikuwa ninampikia yeye, si wenye njaa. Akamtoa! Nikasimama, nikachota bila neno. Siku hiyo watu walikula chakula kikiwa moto.

Msinielewe vibaya, hasira ipo. Wale wanaojenga majina yao juu ya njaa ya watu bado wapo, wengine wanakaa viti vya mbele, na ninawaambia waache! Ila sasa hasira yangu naipeleka kwa Bwana kabla sijawasha moto. Siiweki tena kwenye sahani ya mtu.

Koko amekwisha kufa. Tulimzika na kile kitenge. Sina picha yake hata moja, na mwanangu, ambaye sasa ni mtu mzima, amesahau sura yake. Hilo linaniuma. Lakini Yule aliyemwona Koko akilala na njaa kule Rughenda hakuhitaji picha. Namshukuru, na ninyi mtumainini. Ukitaka kumtumikia, uani kwangu kuna kazi kila Jumamosi. Njoo na kuni, uchote, unyamaze.